Adui Aijuaye Ngoma: Plato, Aristotle na Sanaa za Maonyesho katika Kinondoni na Temeke

Ikisiri

Vitabu vya nadharia ya fasihi ya Kiswahili kwa kawaida humtambulisha Plato kuwa adui wa sanaa na Aristotle kuwa mtetezi wake, na huifasiri dhana ya mimesisi kuwa ni kunakili uhalisi. Makala haya yanaihakiki picha hiyo kwa kuurejesha mjadala wa Wayunani kwenye mazingira yake ya maonyesho, kisha kuulinganisha na historia ya ngoma, dansi na taarabu katika maeneo ya Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam. Inadaiwa kwamba, kwa fasihi inayoishi kwa kuchezwa na kuimbwa, Plato ni shahidi mwenye manufaa zaidi kuliko mwandishi wa Poetiki, licha ya uadui wake na pengine kwa sababu ya uadui huo.

Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza somo la nadharia ya fasihi huwakuta Wayunani wawili wakimngoja mlangoni. Wa kwanza, Plato, huelezwa kuwa aliwafukuza washairi katika mji wake wa kufikirika kwa sababu kazi zao ni nakala ya nakala: kuna wazo la kitanda, kuna kitanda cha seremala, na kuna kitanda cha mchoraji ambacho kiko katika daraja la tatu kutoka kwenye ukweli. Wa pili, Aristotle, huelezwa kuwa alimjibu mwalimu wake kwa kusema kwamba kuiga ni tabia ya asili ya binadamu, kwamba ushairi husema mambo ya jumla kuliko historia, na kwamba tanzia huleta utakaso wa huruma na hofu. Baada ya hapo somo husonga mbele kwenda kwenye ulimbwende, uhalisia na umarksi, na Wayunani hawarudi tena isipokuwa katika karatasi ya mtihani.

Muhtasari huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba umejengwa juu ya kitabu cha kumi cha Jamhuri na sura chache za Poetiki, na umesomwa kana kwamba swali la Wayunani lilikuwa lile la msomaji aliyeketi na riwaya mkononi: je, kilichoandikwa hapa kinafanana na maisha? Katika Athens ya karne ya tano na ya nne K.K. ni watu wachache waliokutana na ushairi kwa njia hiyo. Ushairi uliimbwa na kuchezwa mbele ya maelfu katika sikukuu za Dionisio. Ofisa wa mji ndiye aliyempa mtunzi kibali cha kupata kundi la waimbaji-wachezaji, na raia tajiri ndiye aliyegharimia mavazi na mazoezi yao. Swali lililowasumbua wanafalsafa lilikuwa la kisiasa na la kimwili: sauti na mwendo vinaufanya nini mwili wa mtu na umati wa watu, na ni nani mwenye haki ya kuviongoza?

Swali hilo lina historia ndefu Dar es Salaam, hususani katika vitongoji vya Waafrika vilivyopanuka kuanzia miaka ya 1950, yaani Magomeni, Kinondoni na Temeke, na vile vilivyofuata baadaye kama Manzese, Tandale, Mwananyamala na Mbagala. Chuo Kikuu chenyewe, kilichohamia Mlimani mwaka 1964, kilikaa kwa miongo mingi ndani ya mipaka ya Wilaya ya Kinondoni kabla wilaya haijagawanywa na Ubungo kuzaliwa. Kutoka ukumbi wa mihadhara ambamo kitanda cha Plato hufafanuliwa hadi Sinza au Manzese ni safari fupi ya daladala. Umbali wa kinadharia umekuwa mrefu zaidi.

Sanaa, tekne na kutunga

Kiyunani hakikuwa na neno moja linalolingana na matumizi ya sasa ya “sanaa”. Kilikuwa na tekne, ambayo ilijumuisha useremala, utabibu, unahodha, uchoraji na utunzi wa mashairi. Yaani ujuzi wa kutenda wenye kanuni zinazoweza kufundishwa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko msomaji wa Kiingereza au Kifaransa. Neno sanaa, lililotoka katika Kiarabu, lilianza likiwa na maana ya kazi ya mikono na ustadi, na neno fundi bado linamhusu fundi wa mbao, fundi wa kufunda wari na fundi wa pepo bila mtu yeyote kuhisi kwamba maana imepotoshwa. Fikra ya kwamba sanaa ni eneo la pekee la “uzuri” lililotengwa na kazi nyingine ni ya Ulaya ya karne ya 18. Kumsomea Plato fikra hiyo ni kumvika nguo isiyo yake.

Hali ni hiyo kwa kitenzi kinachomhusu mshairi. Kwa Kiyunani mshairi ni poietes, mtengenezaji. Kwa Kiswahili hutunga. Na ushanga hutungwa, samaki hutungwa, mimba hutunga, jipu nalo hutunga usaha. Kitenzi hiki kinakusanya mambo mawili ambayo Aristotle alihangaika kuyaunganisha katika Poetiki: kupanga sehemu katika mfuatano unaoshikamana, kama shanga katika uzi, na kitu kukua ndani kuelekea umbo lake, kama mimba. Anapolinganisha msuko wa tanzia na kiumbe hai chenye ukubwa unaofaa, na papo hapo kusisitiza kwamba tukio lisiloleta tofauti likiondolewa si sehemu ya kazi, mwanafalsafa huyo anatumia hoja mbili kwa jambo ambalo Kiswahili hulitaja kwa neno moja. Ni ajabu kwamba vitabu vya kiada hutumia kurasa nyingi kufafanua mimesisi, lakini kwa nadra hutua kwenye kutunga.

Kinondoni pia inatoa kipimo kizuri cha hoja ya kitanda. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vibao vya mraba, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu na watu wa kwao, waliendelea kuchora tembo, chui na ndege kwa mtindo uleule, na chama chao cha ushirika kikawa na makao yake papo hapo. Kwa kipimo cha kitabu cha kumi, tembo wa mwanafunzi yuko daraja la nne: nakala ya picha ya mnyama wa wazo. Lakini kipimo hicho hakielezi chochote kuhusu kilichotokea. Mwanafunzi hakuwa akimnakili tembo, wala hakuwa akimdanganya mnunuzi kuhusu tembo. Alikuwa akiipokea tekne: namna ya kuandaa kibao, kutandika rangi ya usuli, kuzungusha mstari na kuujaza mwili madoa. Nakala ya nakala ni lugha ya mtu anayeitazama picha kama dirisha. Ndani ya karakana, kurudia ndiko kujifunza.

Asiyechezwa

Ukweli ni kwamba Plato mwenyewe hakutosheka na hoja ya kitanda. Katika kazi yake ndefu na ya mwisho, Sheria, ambayo wahakiki wa Kiswahili huitaja kwa nadra, anaanza upya kwa swali la malezi. Anasema kila kichanga cha kiumbe hakiwezi kutulia wala kunyamaza. Hurukaruka na kupiga kelele. Wanyama hawana utambuzi wa mpangilio katika mwendo, ila binadamu wamepewa na miungu hisia ya mapigo na ulinganifu wa sauti. Malezi ya kwanza kwa hiyo ni ya kucheza na kuimba pamoja. Kutokana na hilo anatoa fasili inayomshangaza msomaji wa leo: asiye na malezi ni akhoreutos, mtu ambaye hakuingizwa katika kundi la wachezaji, aliyelelewa ni yule aliyechezeshwa ipasavyo.

Wafasiri wa Ulaya huhitaji tanbihi kueleza fasili hiyo. Kiswahili hakihitaji. Mwali huchezwa, msichana aliyepitia unyago amechezwa, na asiyepitia hakuchezwa. Kauli ya kutendwa ina uzito wa kinadharia: mwali ndiye anayetendwa na ngoma, na kinachobadilika ni hadhi yake na ujuzi wake mbele ya jamii. Miongoni mwa Wazaramo, ambao ardhi yao ndiyo iliyomezwa na Temeke na Kinondoni, kipindi cha kuwekwa ndani kiliambatana na mafunzo yaliyofungwa katika nyimbo na vitu, ukiwemo mwana hiti, kinyago cha mti chenye kiwiliwili cha duara kisicho na mikono na kichwa chenye kishungi, ambacho mwali alikitunza kama mtoto. Mwenye kuuliza kama mwana hiti anafanana na mtoto ameuliza swali la kitabu cha kumi. Mwenye kuuliza mwali anakuwa nani kwa kumtunza, ameuliza swali la Sheria.

Wari wa Temeke walipotolewa, mdundiko ulipita mitaani ukiwakusanya watu njiani, ngoma isiyo na jukwaa wala kiti cha mtazamaji. Jina la Kiyunani linaloukaribia mkusanyiko huo ni khoreia, umoja wa wimbo na mchezo ambao Plato aliuona kuwa ni malezi yote kwa ujumla wake. Neno la Kiswahili ngoma ni pana zaidi, maana linataja chombo, mapigo, mchezo na tukio lenyewe.

Kiti cha pepo

Upande wa pili wa fikra ya Plato, ule wa wazimu mtakatifu, unapatikana katika mazungumzo mafupi yaitwayo Ion. Socrates anamwambia Ion, mghani wa tenzi za Homer, kwamba hana tekne yoyote. Anachofanya kinatokana na nguvu inayompitia kama sumaku inavyopitisha nguvu kutoka pete moja ya chuma hadi nyingine. Mungu humshika mtunzi, mtunzi humshika mghani, mghani huwashika wasikilizaji. Kisha anatoa mfano wa Wakoribante, waumini waliopagawa kwa ngoma na zumari: hawa, anasema, husikia kwa ukali wimbo mmoja tu, wa mungu aliyempanda kila mmoja wao, kwa wimbo huo huwa na maneno na mikao tele, na kwa nyimbo nyingine hawajali.

Katika pwani ya Kiswahili maelezo haya si fumbo. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, katika miaka ya 1960 na kuuchapisha mwaka 1970, alizieleza kwa kirefu ngoma za pepo za Wazaramo, ikiwemo madogoli. Kanuni yake inafahamika kwa kila aliyekulia karibu na kilinge. Fundi hujaribu mapigo mbalimbali mpaka mgonjwa aitikie moja. Kila pepo ana ngoma yake, na asiyepigiwa ngoma yake hapandi. Akishapanda, husema kwa sauti yake mwenyewe kupitia kinywa cha mgonjwa, hudai nguo, manukato au chakula, na mapatano hufanyika mbele ya ndugu. Mgonjwa katika hali hiyo huitwa kiti. Inastahili kutajwa, bila kudai undugu wowote wa kihistoria kati ya mambo haya, kwamba katika Euthydemus Plato anataja kawaida ya Wakoribante ya kumketisha mwingizwaji kitini na kumchezea kwa kumzunguka.

Ulinganisho huu unaiangazia dhana ya mimesisi kwa namna ambayo kitanda hakiwezi. Mwaka 1954 Hermann Koller alidai kwamba neno hilo, kabla halijawa na maana ya kunakili, lilihusu mchezo na uwakilishaji wa ibada kwa mwili na sauti. Wataalamu wamempinga katika mengi, lakini Jamhuri yenyewe inamuunga mkono kwa sehemu: katika kitabu cha tatu mimesisi ni pale mghani anapoacha kusimulia na kusema kwa sauti ya mwingine, na hofu ya Plato ni kwamba anayesema mara nyingi kwa sauti ya mwingine hatimaye huwa mwingine, kwa tabia, kwa mwili na kwa fikra. Hiyo ni hofu ya mtu aliyewahi kuona kiti kikipandwa. Mtu wa kitabu hawezi kuwa nayo.

Tena Plato hakuiona hali hiyo kuwa ni maradhi tu. Katika kitabu cha saba cha Sheria anaeleza jinsi mama anavyombembeleza mtoto asiyelala: hamwachi atulie, bali humtikisa mikononi na kumwimbia. Wanawake wanaotibu wenye kupagawa, anasema, hufanya vivyo hivyo. Mtikisiko wa nje hushinda mtikisiko wa hofu ulioko ndani, na utulivu hupatikana. Kwa maneno machache hayo kuna nadharia ya uponyaji kwa ngoma iliyo wazi zaidi kuliko chochote kilichoandikwa katika Poetiki.

Ukimya wa Poetiki

Kauli hiyo ya mwisho inahitaji kuthibitishwa, kwa sababu katharsisi ndiyo fahari ya Aristotle. Katika Poetiki dhana hiyo inatajwa mara moja ndani ya fasili ya tanzia, sura ya sita, na haifafanuliwi. Maelezo yake yanapatikana kwingine, katika kitabu cha nane cha Siasa, ambako Aristotle anazungumzia muziki. Wako watu, anasema, walio wepesi kushikwa na msisimko; hawa, wakisikia nyimbo takatifu zinazoitia roho wazimu, hurejea katika utulivu kana kwamba wamepewa dawa na kusafishwa. Anaahidi kulieleza jambo hilo kwa uwazi zaidi katika kitabu cha ushairi, na kwa kadiri kilivyotufikia ahadi haijatimizwa. Jacob Bernays, mwaka 1857, ndiye aliyeirudisha katharsisi kwenye maana hii ya kitabibu, ingawa vitabu vyetu bado huiita “utakaso” kwa sauti ya kanisani.

Maana yake ni kwamba dhana kuu ya nadharia ya tanzia ilizaliwa kilingeni. Aristotle aliichukua huko, akaihamishia kwenye ukumbi wa maonyesho, na baadaye akaupunguza hata ukumbi. Anasema katika Poetiki kwamba mandhari ya jukwaa ndiyo sehemu isiyo ya kisanaa kuliko zote, na kwamba tanzia inayo nguvu yake hata pasipo mashindano na waigizaji; anayesikia tu kisa cha Edipode hutetemeka. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipima dai hilo, kwa kuwa tamthilia ya Sofokile imepatikana kwa Kiswahili tangu mwaka 1971 katika tafsiri ya Samuel S. Mushi, Mfalme Edipode. Kwa kisa, Aristotle ana haki. Lakini nyimbo za kundi katika tamthilia hiyo, zilizochezwa na kuimbwa kwa namna ambayo hakuna anayeijua leo, hukaa kwenye ukurasa kama vifuu: umbo lipo, maji hayapo. Hasara hiyo ndiyo ambayo Poetiki inaifundisha akili kutoihesabu.

Kwa fasihi andishi hilo halina madhara makubwa. Kwa taarabu ya miaka ya 1990 lina madhara. Ushindani wa Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre ulipofikia kilele, kumbi za vitongojini zilijaa wanawake waliokuja kusikiliza mipasho. Maneno ya wimbo, yakichapwa, huonekana kuwa mafumbo ya kawaida kuhusu wivu na majirani. Maana yake ilikamilika pale mwanamke aliponyanyuka, akapita katikati ya ukumbi akicheza na noti mkononi, akamtuza mwimbaji kwa ubeti maalumu huku macho yake yakiwa kwa mtu fulani. Kwa dakika hiyo “mimi” ya wimbo ilikuwa yake. Ni mnyororo wa sumaku wa Ion uliogeuzwa kuelekea upande wa pili, kwani pete ya mwisho ndiyo inayovuta. Plato angekasirika, lakini angetambua kinachoendelea. Uchanganuzi wa msuko, wahusika na dhamira ungepita bila kukigusa.

Walinzi wa mji

Plato alikubali nguvu ya ngoma, na kwa sababu hiyo akataka iwekwe chini ya ulinzi. Katika Jamhuri anaziondoa tuni za maombolezo na za ulevini, anabakiza za Kidoria na Kifrigia, na anakataza zumari na ala zenye nyuzi nyingi. Akimtaja Damon, mtaalamu wa muziki, anasema mitindo ya muziki haibadiliki kamwe bila sheria kuu za mji kutikisika. Katika Sheria anasikitikia wakati ambapo makelele ya watazamaji yalichukua nafasi ya waamuzi, hali aliyoibatiza jina la utawala wa ukumbi.

Taifa jipya la Tanganyika liliongozwa na mwanafalsafa wa siasa ambaye hakuhitaji kumsoma Plato ili kufikia baadhi ya hitimisho hilo. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akasikitika kwamba waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Kikundi cha ngoma cha taifa kiliundwa. Novemba 1969, wakati Operesheni Vijana ikiwa mitaani ikipambana na sketi fupi, mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki wa soul jijini. Sababu zilizotolewa ziligusa maadili ya vijana na miili yao, si ukweli au uongo wa maneno ya nyimbo. Hapakuwa na kitanda katika mjadala huo, ila Damon mtupu.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Remmy Ongala. Mzaliwa wa Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapigia Orchestra Makassy kisha Super Matimila, na akaishi Sinza, ambako kituo cha mabasi kimebaki na jina lake. Karibu na mwaka 1990 alitoa “Mambo kwa Soksi”, wimbo uliowahimiza wanaume kutumia kondomu wakati UKIMWI ukiua bila dawa. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Wimbo ulienea kwa kanda na kwa dansi za vitongojini.

Tukio hili linawatega wanafalsafa wote wawili. Plato alitaka sanaa iruhusiwe kwa kipimo cha manufaa. Hapa manufaa yalikuwa yakihesabika kwa roho za watu, na bado walinzi walikwazwa na namna ya kusema. Walinzi wa Jamhuri wanajua kilicho chema, na hilo ndilo sharti linalofanya udhibiti wao uwe na mantiki. Likiondolewa sharti hilo, kinachobaki ni ofisi na muhuri. Aristotle naye hasaidii sana, kwa kuwa wimbo wa Ongala haukukusudia kutuliza hofu. Ulikusudia kuileta ukumbini, watu wakiwa wanacheza, kisha waondoke nayo hadi nyumbani. Nadharia inayoutosha wimbo huo iko karibu zaidi na ile ya mama na mtoto katika Sheria: hofu hushughulikiwa kwa mwendo, na mwili ukiwa umeshikwa na gitaa ndipo sikio hukubali neno ambalo lingekataliwa kwenye mkutano wa hadhara.

Mchiriku uliofuata, kwa vinanda vidogo vya umeme na vipaza sauti vya kuungaunga, na singeli iliyotoka Manzese, Tandale na Mburahati, umeendelea kuwagonganisha vijana na walinzi. Vigodoro vimepigwa marufuku na viongozi wa mkoa na wilaya zaidi ya mara moja, na vikarudi. Hoja dhidi yake hutajwa kwa lugha ya usalama na maadili. Hoja za upande wa pili kwa kawaida haziandikwi, kwa sababu wanaozijua hawaandiki makala. Plato, kwa haki yake, aliacha mlango wazi. Baada ya kuwafukuza washairi, aliwaalika wapenzi wa ushairi wasio washairi wautetee kwa nathari, waonyeshe kwamba una manufaa kwa mji pamoja na kupendeza, akaahidi kusikiliza kwa moyo mwema. Poetiki huchukuliwa kuwa ndiyo jibu la mwaliko huo. Kwa Kiswahili, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walianza kulijibu kwa namna nyingine mwaka 1976 katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na Euphrase Kezilahabi, katika tasnifu yake ya 1985, alihoji misingi ya falsafa ya Magharibi ambayo uhakiki wa fasihi ya Kiafrika uliirithi. Mitaala imewataja na kuwapita, ikarudi kwenye kitanda.

Mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego, mwanamuziki anayejiita Rais wa Manzese, alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake “Wapo”, uliotafsiriwa kuwa unaikashifu serikali. Siku iliyofuata waziri mwenye dhamana ya sanaa alitangaza kwamba Rais ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, na kwamba Rais ameupenda, ila anamshauri mtunzi auboreshe kwa kuwaongeza watu wa aina nyingine wanaostahili kusemwa, wakiwemo wakwepa kodi. Katika kitabu cha saba cha Sheria watunzi wa tanzia wanafika langoni mwa mji na kuuliza kama wanaweza kuingia na mashairi yao. Wanajibiwa kwamba watawala nao ni watunzi, kwa kuwa mji wenyewe ndio tanzia yao bora. Basi wageni waoneshe kwanza nyimbo zao kwa wenye mamlaka, zilinganishwe na zile za mji, na zikionekana ni sawa au bora zaidi, watapewa kundi la wachezaji.